Msichana Aliyelala Mtoni: Kumwelewa Millais bila Kuchanganya Majina

Tangu Oktoba 2025, Taylor Swift alipotoa wimbo unaomtaja Ophelia, picha moja ya zamani imerudi mjini: msichana aliyelala chali kwenye kijito, mikono imefunguka viganja juu, mdomo wazi kidogo, maua yametapakaa juu ya gauni lake. Pamoja na picha yamekuja maelezo, na maelezo yenyewe ni vurugu. Utasikia huyo ni mke wa mchoraji. Utasikia ni binti halisi aliyekufa kwa baridi akiwa anachorwa. Utasikia mchoraji alimpora rafiki yake mke, kisha uzeeni akaishia kuchora matangazo ya sabuni. Kila dai lina chembe ya ukweli iliyobandikwa mahali pasipo pake.

Tuzifungue nyuzi moja moja. Mchoraji ni John Everett Millais, Mwingereza aliyezaliwa Southampton mwaka 1829 katika familia yenye asili ya kisiwa cha Jersey. Picha inaitwa Ophelia. Ilikamilika mwaka 1852, ina upana wa sentimita 112 hivi na kimo cha 76, na iko Tate Britain, London. Wengi wameichanganya na Ophelia nyingine, ya Mjerumani Friedrich Heyser, iliyochorwa karibu mwaka 1900 na kutundikwa katika jumba la makumbusho la Wiesbaden. Hiyo ya Wiesbaden ndiyo inayofanana na mwanzo wa video ya wimbo, na mashabiki wamemiminika kwenda kuitazama. Ukiona gauni jeupe na mayungiyungi, ni ya Heyser. Ukiona kijani kila kona, na majani unayoweza kuyahesabu moja baada ya jingine, ni ya Millais.

"Wa enzi ya Victoria" maana yake nini

Mtu akisikia "mchoraji wa enzi ya Victoria" hudhani aliajiriwa na malkia. Hapana. Ni namna ya kutaja kipindi, kama tunavyosema "enzi za Mwalimu" bila kumaanisha kwamba kila aliyeishi wakati huo alifanya kazi Ikulu. Victoria alitawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901. Ni huyo huyo ambaye Speke alilipachika ziwa letu jina lake mwaka 1858, ingawa ziwa lilikuwa na majina yake tayari. Msomaji wa pwani anayetaka kipimo cha karibu zaidi: Millais alikufa tarehe 13 Agosti 1896, na wiki mbili baadaye, tarehe 27, manowari za malkia huyo zikaipiga mizinga kasri ya Sultani wa Unguja.

Uhusiano kati ya Millais na malkia ulikuwepo, lakini ulikuwa na kinyongo ndani yake. Tutaufikia.

Kabla ya Raphael

Millais alikuwa mtoto wa ajabu. Mwaka 1840, akiwa na miaka 11, aliingia shule ya Royal Academy, mwanafunzi mdogo kuliko wote waliowahi kupokelewa pale. Royal Academy ni chama cha wasanii chenye baraka za kifalme, chenye shule yake na maonyesho yake ya kila mwaka. Mchoraji wa London ambaye kazi yake haikutundikwa kwenye maonyesho hayo alikuwa kama mwanamuziki asiyepigwa redioni.

Shule hiyo ilifundisha kanuni, na kipimo cha kanuni kilikuwa Raphael, Mtaliano aliyekufa mwaka 1520. Kumbuka picha za studio za wazazi wetu: baba ameketi kitini, mama amesimama na mkono begani, watoto wamepangwa kwa kimo, nyuma yao pazia lenye mnazi wa kuchorwa. Hakuna familia iliyoishi hivyo, ila kila mtu alijua picha nzuri inakaa hivyo. Uchoraji wa chuoni nao ulikuwa na pazia lake. Watu walipangwa kwa umbo la pembetatu, mwanga ukamwangukia mkubwa wao, na pembe za picha zikazama kwenye rangi ya kahawia.

Septemba 1848, nyumbani kwa wazazi wa Millais, mtaa wa Gower Street, vijana kadhaa waliamua kuling'oa pazia hilo. Millais alikuwa na miaka 19, Dante Gabriel Rossetti 20, William Holman Hunt 21. Pamoja na wenzao wakawa saba, mmoja wao mchongaji na mwingine hata hakuwa mchoraji. Wakajiita Udugu wa Kabla ya Raphael, na kwenye picha zao wakaandika PRB, herufi za jina hilo kwa Kiingereza, bila kumwambia mtu maana yake. Ni mambo ya vijana.

Jina hilo limepotosha wengi. Hawakuishi kabla ya Raphael, maana walimfuata kwa zaidi ya miaka mia tatu, na wala si kwamba walimwona hafai. Ni kama binti wa leo aseme anataka taarab ya kabla ya kinanda cha umeme. Hakuwepo zama hizo, lakini anahisi kuna kitu kilidondoka njiani. Kwa hawa vijana, kilichodondoka kilikuwa kutazama. Waliona wachoraji wanachora mti waliofundishwa chuoni, hawachori mti uliosimama mbele yao.

Walikuwa na mbinu pia, na fundi rangi yeyote wa mtaani ataielewa. Ukipaka njano juu ya ukuta wa kahawia, njano inakufa. Ukitanguliza nyeupe, inawaka. Wachoraji wengi walianzia kwenye turubai yenye giza, na wengine walichanganya hata lami ili kupata ule ukahawia wa kizee. Udugu walianzia kwenye nyeupe tupu, wakati mwingine nyeupe mbichi, wakaweka juu yake rangi nyembamba kwa brashi ndogo. Ndiyo maana kijani cha Ophelia kinakupiga machoni hadi leo.

Umma haukufurahi. Mwaka 1850 Millais alionyesha picha ya Yesu mtoto katika karakana ya Yosefu. Ili aichore alikwenda kwenye karakana ya seremala halisi, akachora misuli ya mikono ya mtu anayepiga randa kila siku, maranda sakafuni, uchafu kwenye kucha. Kondoo wa nyuma aliwachora kwa vichwa alivyopata kwa mchinjaji. Charles Dickens, mwandishi mashuhuri kuliko wote Uingereza wakati huo, aliishambulia gazetini, akamwita Yesu wa picha ile mtoto wa kutisha, mwenye nywele nyekundu na shingo ya upogo. Kelele zilizidi hata malkia akaagiza picha ipelekwe kwake aione. Miaka kumi baadaye binti yake Dickens, Kate, alikaa kuchorwa na Millais, na Dickens alipofariki mwaka 1870, Millais ndiye aliyeitwa kuchora uso wake kitandani. London ilikuwa mji mdogo kuliko tunavyodhani.

Wanawake wawili ndani ya picha moja

Sasa yule msichana. Ophelia ni mhusika wa Shakespeare katika tamthilia ya Hamlet. Mpenzi wake, Hamlet, anamuua baba yake Ophelia, akili inamruka binti, anakwenda kijitoni kutundika mashada ya maua mtini, tawi linavunjika. Nguo zinamshikilia juu ya maji kwa muda naye anaimba, mpaka zinalowa na kumvuta chini. Jukwaani hatuoni lolote kati ya hayo, kwani malkia wa tamthilia ndiye anayelisimulia kwa mdomo. Millais alichora tukio ambalo hata watazamaji wa Shakespeare walilisikia tu. Hakuna binti halisi aliyezama.

Alianza na mto, si na mtu. Mwaka 1851 alikaa kwa miezi kama mitano ukingoni mwa mto Hogsmill, huko Ewell katika jimbo la Surrey, hadi saa 11 kwa siku, siku sita kwa juma. Barua zake za wakati huo ni vichekesho vitupu. Nzi wa Surrey wanamla, upepo unataka kumtupa majini, na ameonywa kwamba anaweza kushtakiwa kwa kuingia shambani na kuharibu majani ya mifugo. Novemba baridi ilipokaza akajengewa kibanda cha nyasi.

Kwa sababu ya miezi hiyo, maua ya misimu tofauti yamechanua pamoja kwenye picha, jambo ambalo mtoni huwezi kuliona. Na maua yale yanasema. Waingereza wa zama hizo walikuwa na lugha ya maua kama sisi tulivyo na lugha ya kanga: mgeni ataona rangi na urembo, mwenyeji anasoma ujumbe na anajua umeelekezwa kwa nani. Ua jekundu la jamii ya mmea wa afyuni ni usingizi na kifo. Yale madogo meupe ni utoto usio na hatia. Mkufu wa maua ya zambarau shingoni ni uaminifu, na pia ni kifo cha mtu akiwa bado mbichi.

Ndipo akaja mtu wa kulala kwenye nafasi iliyoachwa katikati ya turubai. Alikuwa Elizabeth Siddal, msichana wa miaka 22 hivi, ambaye marafiki wa Millais walimpata akifanya kazi kwenye duka la kofia. Millais alinunua gauni kuukuu lililotariziwa nyuzi za fedha kwa pauni nne, akalalamika kwamba ni chafu. Siddal akalala nalo kwenye beseni refu la kuogea lililojaa maji, nyumbani Gower Street, katikati ya majira ya baridi. Chini ya beseni ziliwekwa taa za mafuta ili kupasha maji joto. Siku moja taa zikazimika. Mchoraji, macho yote kwenye turubai, hakuona, na binti wa watu hakusema kitu. Akaugua vibaya. Baba yake alidai fidia ya pauni 50, na mwishowe Millais akalipa gharama za daktari.

Hapa ndipo uvumi wa "alikufa akichorwa" ulipozaliwa. Siddal alipona. Aliishi miaka kumi zaidi, akachora na kuandika mashairi yake mwenyewe, na kazi zake zilipendwa kiasi kwamba mhakiki John Ruskin alikubali kumpa pauni 150 kwa mwaka. Aliolewa na Rossetti mwaka 1860, si na Millais. Mwaka uliofuata alijifungua mtoto mfu, na Februari 1862 akafa kwa kuzidisha dawa ya afyuni iliyoyeyushwa katika pombe, dawa iliyouzwa madukani kama tunavyouziwa za kutuliza maumivu leo. Inaniuma kidogo kuona mwanamke huyu, aliyefanya kazi kwa mikono yake, akikumbukwa kwa beseni tu.

Picha yenyewe ilikuwa imeshauzwa Desemba 1851 kwa gini 300. Gini moja ilikuwa pauni moja na shilingi moja, kwa hiyo ni pauni 315.

Talaka ambayo haikuwa talaka

Mke wa Millais alikuwa mtu mwingine kabisa, Effie Gray wa Perth, Uskochi. Na ndiyo, kabla yake alikuwa ameolewa na huyo huyo John Ruskin, mhakiki aliyewatetea vijana wa Udugu gazetini mwaka 1851 wakati wengine wakiwazomea.

Effie na Ruskin walifunga ndoa Aprili 1848. Ndoa ilikuwa ya karatasi. Baada ya miaka karibu sita Effie alimwandikia baba yake kwamba hajawahi kuwa mke kwa maana ya kimwili, na kwamba mumewe ametoa sababu moja baada ya nyingine: hataki watoto, dini, kuhifadhi uzuri wake, na hatimaye kwamba mwili wake haukuwa kama alivyofikiria wanawake walivyo. Ile hadithi maarufu kwamba Ruskin alishtushwa na nywele za mwilini mwake ni makisio ya karne ya 20. Barua haiyasemi hayo.

Mwaka 1853 Ruskin mwenyewe alimchukua Millais hadi Glenfinlas, Uskochi, amchore akiwa amesimama juu ya mawe kando ya maji yanayotiririka. Wakakaa kibanda kimoja, mvua inanyesha, Ruskin ameshughulika na vitabu vyake. Kilichotokea kati ya Effie na Millais kilikuwa mapenzi ya macho na mazungumzo. Aprili iliyofuata Effie aliondoka kwenda kwa wazazi wake, akamrudishia Ruskin pete, funguo na daftari la matumizi ya nyumba.

Watu husema "akaachika". Tofauti hapa ni kubwa. Talaka huvunja ndoa iliyokuwepo, na Uingereza ya wakati ule talaka kamili ilihitaji sheria ya Bunge. Effie aliomba ndoa ibatilishwe, yaani mahakama ya kanisa itamke kwamba haikuwahi kuwa ndoa. Madaktari walimkagua na kuthibitisha ubikira wake. Julai 1854 ikatamkwa. Kwa hiyo Millais, alipomwoa Julai 1855, kisheria hakumchukua mke wa mtu, kwani hapakuwa na mke wa mtu. Midomo ya watu haikujali sheria, na ya malkia haikujali zaidi. Mjadala ulipokuwa umepamba moto, Millais bado alikuwa akimalizia picha ya Ruskin. Kazi ni kazi.

Povu la sabuni

Wanahistoria wengi wa sanaa humgawa Millais vipande viwili, yaani kijana mwasi hadi ndoa, halafu baba mwenye tumbo anayechora watoto wazuri kwa ajili ya pesa. Mimi siikubali hesabu hiyo kirahisi. Yeye na Effie walipata watoto wanane. Alieleza wazi kwamba mwenye familia hawezi kutumia siku nzima kuchora eneo lisilozidi sarafu. Akaanza kuchora kwa haraka na kwa brashi pana, na Ruskin akamshambulia: picha yake ya mwaka 1857, alisema, si kuporomoka tu bali ni maangamizi. Ukizingatia ni nani anayesema, na kuhusu nani, utaisoma hukumu hiyo kwa chumvi kidogo. Hata hivyo mwaka 1870 Millais alisimama kwenye baridi ya Oktoba karibu na mto Tay akachora matete yanayoinamishwa na upepo, na macho yale yale ya Ewell yanaonekana humo.

Sasa sabuni. Mwaka 1886 alimchora mjukuu wake wa miaka minne, William James, akiwa na kiko na bakuli, akitazama povu linalopaa. Maana yake ni ya kale: uhai ni mzuri na unapasuka wakati wowote. Haikuchorwa kama tangazo. Sir William Ingram wa gazeti la Illustrated London News aliinunua pamoja na hakimiliki, kisha akaiuzia kampuni ya sabuni ya Pears kwa pauni 2,200. Anayemiliki hakimiliki ndiye mwenye mamlaka ya kunakili, kama mwanamuziki aliyeuza wimbo wake mzima na siku moja akausikia kwenye tangazo la unga. Pears wakaongeza kipande cha sabuni chini ya mtoto na kubandika nakala kila mahali. Millais alikasirika, ila alipoonyeshwa nakala akakiri imechapishwa vizuri. Kisheria hakuwa na la kufanya. Lawama ninayomwachia ni moja: aliijua biashara ya hakimiliki na ilikuwa imemtajirisha kwa miaka mingi.

Mtoto wa povu alikua akawa admirali wa jeshi la majini, akiitwa "Bubbles" hadi uzeeni, na miaka ya 1940 ndiye aliyechapisha kitabu cha barua za Effie, Ruskin na babu yake. Mengi tunayoyajua juu ya ndoa ile yalipata njia kupitia kwake. Mtoto mmoja wa Millais, John Guille, anatugusa kwa njia nyingine: alikuwa mtaalamu wa wanyama na mwindaji, na mwaka 1918 alitoa kitabu cha maisha ya rafiki yake Frederick Selous, yule aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917 na kuzikwa hapo hapo, ndani ya pori lililobeba jina lake kabla sehemu yake kubwa haijawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Mwaka 1885 Millais alipewa cheo cha kurithiwa cha baroneti, msanii wa kwanza wa Uingereza kukipata, na Februari 1896 akawa rais wa Royal Academy, chuo kile alichokiasi. Wakati huo saratani ya koo ilikuwa imeshamla. Alipasuliwa koo ili apumue, sauti ikapotea, akawa anaongea kwa kuandika kwenye kibao.

Kwa miaka yote hiyo malkia alikataa kumpokea Effie, kwa sababu ya ndoa ile ya kwanza. Mume alialikwa, mke hakualikwa. Sasa binti wa malkia, Louise, ambaye mwenyewe alikuwa mchongaji, alikuja kumuuliza mgonjwa kama kuna jambo mama yake anaweza kumfanyia. Millais akaandika kwenye kibao kwamba angependa malkia ampokee mke wake.

Effie aliitwa Windsor, kwenye kasri la malkia, kiangazi hicho hicho. Alipotambulishwa mbele ya Victoria mara ya kwanza, mwaka 1850, aliingia kama Bi Ruskin. Mara hii, miaka 42 tangu mahakama itamke kwamba hakuwahi kuwa Bi Ruskin, aliingia kama Lady Millais.